Umri wa Kinyonga

Katika viumbe wadogo wanaoishi jirani nasi, sidhani yupo aliyesingiziwa mengi kama kinyonga. Mtu asiyeaminika twamwita kinyonga. Mwanasiasa akihama chama leo na kesho akarudi alikotoka, naye twamwita kinyonga. Watoto wakimwona mtini hukimbia, na wako watu wazima wanaomwokotea mawe, ilhali mnyama mwenyewe hana sumu, haharibu mazao, na kazi yake ya kutwa ni kuwinda panzi na nzi. Lakini shtaka zito kuliko yote ni lile la kifo. Makabila mengi ya Kibantu, tangu Wakikuyu wa Kenya hadi Wazulu wa Afrika Kusini, yana hadithi zinazofanana juu yake. Yasemekana Mungu alimtuma kinyonga awapelekee wanadamu habari njema kwamba hawatakufa. Kinyonga akashika njia kwa mwendo wake ule wa kusitasita, akinyanyua mguu na kuuning'iniza hewani kabla ya kuukanyaga. Hajaufikisha ujumbe, akatokea mjumbe wa pili, ambaye kwa wengine ni mjusi na kwa wengine ni ndege, akatangaza kwamba wanadamu watakufa. Neno lililotangulia kusikika ndilo lililosimama. Tangu siku hiyo tunazikana.

Wahenga walinena: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kinyonga, kwa mujibu wa hadithi hiyo, alichelewa hata akatukosesha uhai wa milele.

Mimi nimefundisha biolojia katika shule za sekondari kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na hadithi hiyo nilikuwa nikiletewa karibu kila mwaka na mwanafunzi mmoja au mwingine. Sikusudii kuibishia hapa, maana hadithi haibishiwi kama hesabu ya kujumlisha. Ninalokusudia ni kumleta mbele yako, ndugu msomaji, kinyonga mmoja ambaye habari zake zimenipa swali nisiloweza kuliacha. Swali lenyewe ni hili: je, maisha mafupi ni maisha pungufu?

Kinyonga huyo si wa kwetu. Huku Tanga tunao wetu, akiwemo yule wa pembe tatu wa milima ya Usambara, na lugha yetu imeheshimiwa, kwa kuwa mwaka 2006 wataalamu walilipa kundi zima la vinyonga wa Afrika Mashariki jina la kitaalamu la Kinyonga. Lakini huyu ninayemsema anaishi ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Madagaska ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Huko ndiko kwao karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani, nazo ni zaidi ya 200. Jina lake la kitaalamu ni Furcifer labordi. Mfaransa Alfred Grandidier ndiye aliyemweleza kwanza kwa wataalamu, mwaka 1872. Makao yake ni misitu mikavu ya magharibi na kusini magharibi mwa kisiwa.

Umbo lake ni la vinyonga wote. Vidole vimegawanyika mafungu mawili yanayobana tawi kama koleo. Mkia hujiviringa mtini na kufanya kazi ya mkono wa tano. Macho mawili huzunguka kila moja kwa njia yake, hili likitazama mbele na lile likitazama nyuma, na ulimi hufyatuka ukamnasa mdudu aliye mbali. Dume ana kipande bapa kilichochomoza puani, na jike huvaa rangi kali anapokuwa na mayai. Kwa kumtazama tu usingeona cha kukushangaza kuliko wenzake. Ajabu yake iko katika kalenda.

Ilipita zaidi ya miaka 130 tangu Grandidier kabla kalenda hiyo haijaelezwa vizuri. Mwaka 2008 mtafiti Kristopher Karsten na wenzake, akiwemo mtafiti mmoja Mmalagasi, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika msitu wa Ranobe, kusini magharibi. Waligundua haya. Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha mwezi wa Novemba, mayai yaliyofukiwa ardhini huanguliwa, yote kwa wakati mmoja au karibu na mmoja. Vinyonga wachanga hupanda miti na vichaka na kuanza kula. Hukua upesi mno, hata miezi miwili haitimii kabla hawajawa wakubwa kamili. Januari huwa ni mwezi wa kutafutana, na madume hupigana vikali kwa ajili ya majike. Kisha jike hushuka chini, huchimba shimo, hutaga mayai yake, huyafukia, na kurudi mtini. Baada ya hapo wote, madume kwa majike, huzeeka. Nguvu huwaishia, mshiko wao hulegea, na hufa. Mvua zikiisha, katika msitu ule huwezi kumpata hata mmoja aliye hai juu ya mti. Tangu kuanguliwa hadi kufa ni miezi 4 au 5 tu.

Na mayai je? Yanabaki ardhini miezi 8 au 9, kiangazi chote, yakingoja mvua ya Novemba ijayo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwaka jamii nzima ya vinyonga hao, kila mmoja wao, iko ndani ya maganda, chini ya udongo. Maana yake vilevile ni kwamba hakuna mzazi anayemwona mtoto wake, wala mtoto anayemjua mzazi wake. Kizazi kimoja hufa chote, ardhi ikakaa kimya, ndipo kizazi kingine kikaamka. Wakati huo zilikuwa zinajulikana spishi zaidi ya 28,000 za wanyama wenye miguu minne, pamoja na ndege na nyoka ambao ukoo wao ni mmoja nao. Watafiti hao hawakuona mfano wa pili wa kalenda ya namna hiyo.

Hebu rudi kidogo kwenye ile hadithi ya mjumbe aliyechelewa. Mnyama tuliyemlaumu kwa uzembe wa safari, kumbe katika ukoo wake yumo mmoja anayezaliwa, anakua, anagombana, anapenda, anaacha mbegu na kuzeeka, vyote kati ya mwanzo wa mvua na mwisho wake. Mwendo wake mtini ni ule ule wa kusitasita. Lakini katika safari ya umri, hakuna mwenye miguu minne ajulikanaye kumpita kwa haraka.

Sasa nirudi kwenye swali. Akili ya kawaida inatuambia kwamba kirefu ni bora kuliko kifupi. Kamba ndefu ni bora kuliko fupi, na shamba la ekari tano ni bora kuliko la ekari moja. Kwa hiyo, maisha ya miaka 80 ni bora kuliko ya miaka 20, na maisha ya miezi 4 si chochote. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyodhani, nami sioni ajabu, kwa kuwa kila mtu mwenye afya akiulizwa kama anataka kufa kesho atasema la hasha.

Lakini tazama vizuri. Ukimwuliza mtu, huyo kinyonga wa Ranobe amekosa nini, atajibu nini? Chakula amekula. Jua ameota. Amekua hadi mwisho wa kimo cha aina yake. Ametafuta mwenzi na kumpata, au amepigana na kushindwa. Ameacha mayai. Ameuona uzee. Hakuna sura hata moja ya kitabu cha kinyonga iliyochanwa. Kitabu kina kurasa chache, lakini kina mwanzo, kati na mwisho.

Mlinganishe na kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, hapo karibu na mji wa Unguja. Kobe wa kwanza wa aina hiyo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wamo waliopita miaka 100. Mtu akikaa nao asubuhi moja atawaona wakila majani, wakilala kivulini, wakiamka na kula tena. Je, kobe mmoja ameishi zaidi ya kinyonga mara mia mbili au tatu? Kwa hesabu ya siku, ndiyo. Kwa hesabu ya mambo ambayo kiumbe huyatenda ili awe ametimiza maisha ya aina yake, sioni kwamba kobe amemzidi. Kila mmoja wao amejaza chombo chake. Pipa lililojaa lina maji mengi kuliko kikombe kilichojaa, lakini huwezi kusema kwamba kikombe kile hakikujaa.

Tena, hata kuhesabu kwenyewe tunakuwa wepesi mno. Tunasema miezi 4 kwa sababu tunaanza kuhesabu pale tunapomwona mtini. Tungeanza kuhesabu pale yai linapotagwa, tungesema anaishi mwaka mzima au zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya mwaka huo aliishi gizani, akiumbika. Maisha yasiyoonekana tunayatupa nje ya hesabu.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya darasani tu kama yasingenigusa nyumbani. Mwaka 1989 mdogo wangu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 23. Alikuwa seremala. Alianza kushika randa na msumeno tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi, na alipofikisha miaka 20 alikuwa na karakana yake chini ya mwembe, na vijana wawili aliowafundisha kazi bila kuwatoza kitu. Hakuwa ameoa. Aliugua malaria, ikampanda kichwani. Zahanati iliyokuwa karibu haikuwa na dawa wiki ile, na gari la kumpeleka hospitali lilipatikana siku ya tatu. Siku ya nne tulimzika.

Matangani nilisikia kauli mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja wa mtaa, mtu mwema, aliyetikisa kichwa na kusema, "Masikini, amekufa hajaishi." Ya pili ilitoka kwa wengi, nayo ni ile tunayoisema kila msiba: "Tufanyeje? Siku zake zilikuwa zimefika." Waliosema hivyo wote walikusudia kutufariji, nami siwalaumu. Aliyejibu ni mama. Alimwambia yule mzee kwa sauti ndogo, "Baba, ninyi mnahesabu tangu mlipomwona. Mimi nahesabu tangu aliponicheza tumboni. Mwanangu ameishi." Mzee akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, mama."

Kauli zile mbili nimekaa nazo kwa zaidi ya miaka 30, na kinyonga wa Bukini ndiye aliyenisaidia kuona kwamba zina kasoro mbili tofauti, tena zinazopingana.

Kauli ya kwanza, kwamba aliyekufa kijana hajaishi, inageuza maisha kuwa mkopo unaolipwa uzeeni. Kwamba utoto ni maandalizi, ujana ni maandalizi, na maisha yenyewe yanaanza mtu akishapata nyumba, mke, watoto na mvi. Akifa kabla, maandalizi yote yamepotea bure. Mimi nasema sivyo. Mtoto anayecheza hachezi ili awe mzee, anacheza. Mdogo wangu aliposukuma randa na kunyoosha ubao hadi ukang'aa, furaha yake haikuwa rehani ya miaka ijayo. Ilikuwa yake, na aliipata yote siku ile ile. Vitanda alivyovitengeneza vimelaliwa na watu kwa miaka mingi, na mmoja wa wale vijana wawili ameshika ufundi huo hadi leo na amewafundisha wengine. Kwa hiyo aliishi, na si kidogo. Anayesema hakuishi anamwua mara ya pili.

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyekufa mwaka 65, aliandika kitabu kizima juu ya ufupi wa maisha. Hoja yake ni kwamba umri tuliopewa unatosha, ila sisi wenyewe tunaufuja kwa tamaa na shughuli zisizo na maana. Kuna hekima hapo, na kuna watu wa miaka 70 ambao wangefaidika kuisikia. Lakini usisahau alikuwa anamwandikia nani. Alimwandikia Paulinus, mkubwa aliyesimamia chakula cha nafaka cha mji wa Roma, mtu aliyekuwa nayo miaka na akawa anaigawa vibaya. Hakuwa anamwandikia mama wa mtoto wa miezi kumi anayetetemeka kwa homa. Ukimpelekea mama huyo hoja kwamba umri unatosha, umemtukana.

Hapo ndipo tunafika kwenye kauli ya pili. Mtu anaweza kuyachukua niliyoyasema juu ya kinyonga akaniambia, "Basi, kama maisha mafupi si pungufu, unalilia nini? Kinyonga ana miezi minne yake, mdogo wako alikuwa na miaka 23 yake, na kila mtu ana kipimo chake. Siku zimefika." Maneno haya yanafanana na hekima, lakini hekima hayana.

Kinyonga wa Ranobe anayekufa baada ya kutaga amefika mwisho wa njia ya aina yake. Amezeeka. Uzee wake umekuja mapema kwa saa zetu, lakini ni uzee. Kijana wa miaka 23 anayekufa kwa ugonjwa wenye dawa hakuzeeka. Njia ilikuwa ikiendelea mbele yake, naye akaondolewa. Ufupi na kukatizwa ni mambo mawili. Wimbo mfupi si sawa na wimbo uliozimwa katikati, hata kama vyote viwili vimechukua dakika tatu. Wimbo mfupi huwezi kuulalamikia. Ule uliozimwa una haki ya kuulizwa: nani kauzima, na kwa nini?

Hata huko Madagaska wako wanaokatizwa. Si kila kinyonga aliyeanguliwa Novemba anaifikia Januari; ndege wanawala, na nyoka wanawala. Mimi sisemi kwamba maumbile ni kitabu cha maadili. Ndege hana wa kumlaumu. Kinyonga jike hawaachi watoto wake kwa ukatili, wala hafi mapema kwa ushujaa. Anafanya ambavyo mwili wake unafanya. Anayechukua tabia za wanyama na kuzifanya amri kwa watu atapotea, kwa maana atakuta humo kila alichokitaka kabla hajaanza kutafuta. Ninachokichukua kwa kinyonga ni kidogo zaidi ya amri. Nachukua mfano unaonionyesha kwamba mambo mawili niliyoyaona yamefungwa pamoja yanaweza kufunguliwa.

Na tena kuna jambo jingine katika habari zake linaloivunja kauli ya pili kuliko hoja yangu yoyote. Baada ya wale wa Ranobe, watafiti wengine walimfuatilia kinyonga huyo huyo katika msitu wa Kirindy, ulio kaskazini zaidi na wenye mvua nyingi kuliko Ranobe. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Huko Kirindy walikuta kwamba baada ya kuanguliwa anaishi miezi 6 hadi 9. Mnyama ni yule yule na jina ni lile lile, lakini pale ambapo ardhi ni ya huruma zaidi, umri unakaribia mara mbili. Kwa hiyo hata kwa kinyonga, ambaye tungedhani siku zake zimeandikwa kwa chuma, siku hizo zinategemea mahali alipo na kile anachokipata.

Ikiwa ni hivyo kwa kinyonga, itakuwaje kwa binadamu? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu 608,000 walikufa kwa malaria, wengi mno kati yao wakiwa Waafrika, na wengi wa hao wakiwa watoto wasiotimiza miaka 5. Shirika hilo lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto mwezi Oktoba mwaka 2021, na ya pili mwezi Oktoba mwaka 2023. Mtoto aliyechanjwa, anayelala ndani ya chandarua, aliye karibu na zahanati yenye dawa, ana siku nyingi kuliko mwenzake asiye na hivyo. Je, tuseme Mungu aliandika siku chache kwa wale wa mbali na barabara? Mimi ni mtu wa imani, na ninaamini kwamba siku zetu zinajulikana kwa aliyetuumba. Lakini kujulikana kwake si ruhusa kwangu ya kuacha rafu za dawa zikae tupu kisha nikamsingizia Yeye. Anayesema siku zimefika kabla hajauliza kama dawa ilikuwepo, anafunga kesi bila kusikiliza mashahidi.

Basi, msomaji mwenzangu, naona tunadaiwa mambo mawili kwa wafu wetu vijana, na si rahisi kuyashika yote kwa mkono mmoja. Tunadaiwa kusema kwamba waliishi, kwamba maisha yao yalikuwa kitu kizima chenye thamani yake, wala hayakuwa nusu ya maisha ya wengine. Na tunadaiwa kusema kwamba walikatizwa, pale walipokatizwa, na kuuliza sababu yake mpaka ijibiwe. Ukishika la kwanza peke yake, utapata utulivu uliolala usingizi. Ukishika la pili peke yake, utabaki na hasira, na marehemu atakuwa kwako ni hasara tu, hana uso, hana kicheko, hana kazi ya mikono yake. Mama yangu aliyashika yote mawili bila kuwa na elimu ya darasani. Aliyesema "Mwanangu ameishi" ndiye aliyekwenda mwezi uliofuata, pamoja na akina mama wa mtaa, kwa viongozi kuuliza habari za dawa. Hakuona mgongano wowote, nami sasa siuoni.

Lipo neno moja la mwisho, nalo linahusu wale ambao hawajaanguliwa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, mtu anaweza kutembea msitu wa Ranobe kutwa nzima, akatazama kila tawi, asimwone hata mmoja wa vinyonga hao. Akiwa na shoka na tanuri la mkaa, atasema kwa moyo mweupe kwamba hapa hapana anayeishi. Na misitu ile kwa kweli inakatwa, kwa mkaa na kwa mashamba ya mahindi, na wanaokata ni watu wenye njaa zao, kama wale wanaokata huku kwetu. Lakini chini ya nyayo za mkataji ipo jamii nzima, iliyoachwa na wazazi wasioweza kurudi kuitetea, inangoja mvua. Kutoonekana kwake si kutokuwepo.

Nasi tuko hivyo. Watu watakaoishi mwaka 2100 hawapo mtini, hatuwasikii, na wengi wetu hatutawaona. Urefu wa siku zao unaandikwa sasa, kwa sehemu kubwa, katika vyanzo vya maji tunavyovilinda au kuvikausha, na katika zahanati tunazozijaza dawa au kuziacha tupu. Jike wa kinyonga hana habari ya Novemba. Hata hivyo, kabla nguvu hazijamwishia hushuka kutoka mtini, akachimba hadi penye unyevu, akayafukia mayai yake vizuri. Yeye hufanya hivyo bila kujua. Sisi tunajua, na kwa hiyo hatuna udhuru.